Kipande cha Moyo wa Zamda

Mstari wa kijani ulianza kushuka Penina Mkumbo akiwa na tonge la ugali mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akajifuta vidole kwenye suruali na kuvaa hedifoni. Kwenye skrini ya kompyuta, chini ya mawimbi ya sauti yaliyokuwa yakipita polepole, mstari ule ulionyesha ni vidude vingapi mjini Singida vilikuwa vinaitikia mdundo. Asubuhi ulikuwa umetulia juu kabisa. Sasa ulikuwa unatetemeka, unashuka, unatulia kidogo, kisha unashuka tena.

“Wameshakizoea,” alisema, ingawa chumbani hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Kipande kilichokuwa kinacheza kilikuwa mapigo ya moyo wa mwalimu mmoja wa Manyoni. Du-dum, du-du-dum, kimya kifupi, dum. Kilikuwa kimewaweka watu hai tangu msimu wa kupanda alizeti. Penina alifungua hifadhi ya sampuli, akachagua kipande cha bibi mmoja wa Kiomboi na kukivutia kwenye kisanduku kitupu cha programu. Akakuza picha ya mawimbi mpaka yakajaa skrini nzima. Kipande lazima kikatwe pale wimbi linapogusa mstari wa katikati. Ukikata juu yake au chini yake, sauti inatoa tiki. Zamani, alipokuwa akipiga muziki kwenye harusi, tiki ilikuwa aibu mbele ya ma-DJ wenzake tu. Hapa tiki iliingia kwenye vifua vya watu zaidi ya elfu nne kwa mpigo, na kila moyo ukajikwaa.

Alikata. Akapunguza kasi ya bibi ilingane na ya mwalimu, akamweka chini yake, kisha akampandisha taratibu kwa kitelezi cha upande wa pili. Mstari ulipanda. Haukufika ulipokuwa.

Homa ndiyo iliyowafikisha watu hapo. Wengi waliopona walibaki na mioyo isiyoweza kujiendesha, wakawekewa kidude kifuani ambacho kilipokea mdundo kutoka redioni na kuupeleka kwenye msuli. Wahandisi walianza kwa kurusha mdundo wa mashine, ulionyooka kama saa ya ukutani. Mioyo iliufuata kwa muda, halafu ikaacha kuusikia, kama mtu anavyoacha kusikia mngurumo wa friji ya nyumbani kwake. Kitu pekee ilichokubali kukifuata kilikuwa moyo wa mtu, uliorekodiwa wakati homa imo ndani yake na ungali unapambana. Hata huo, ukirudiwa mno, ulichoka. Ndipo ma-DJ walipotafutwa. Hao ndio waliojua kuzungusha kipande kifupi cha sauti kutwa nzima bila msikilizaji kugundua kinapoanzia.

Kisha chanjo ikapatikana na homa ikaisha. Nchi nzima ilisherehekea. Penina naye alisherehekea, mpaka Daktari Hango alipomuuliza sampuli mpya zitatoka wapi kama hakuna mgonjwa.

Daktari huyo aliingia sasa bila kubisha. Alikuwa mtu mrefu, na mgongo ulikuwa umeanza kumpinda kwa kuinamia vitanda. Alitazama mstari kwanza, ndipo akamtazama Penina.

“Morogoro wanasemaje?” Penina aliuliza. Vidude vipya, vinavyojiendesha vyenyewe bila redio, vilikuwa vinatengenezwa huko.

“Wanasema baada ya mavuno.”

“Walisema kabla ya mavuno.”

“Najua walichosema.” Hango alitoa flashi mfukoni na kuiweka kando ya sahani ya ugali. “Ni Zamda.”

Penina aliifahamu habari ya Zamda kama mji mzima ulivyoifahamu. Alikuwa mtu wa mwisho Singida kuugua homa, na wa mwisho kufa kwayo. Mashine ya wodini ilikuwa imerekodi moyo wake mchana kutwa, kwa sababu ndivyo mashine zile zilivyofanya. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza rekodi hiyo.

“Mama yake ameridhia?”

“Bado sijamuuliza,” Hango alisema. “Nataka twende wote.”

Sheria ya kituo ilikuwa fupi. Moyo wa mtu hauchezwi bila ridhaa yake, na akiwa amekufa, bila ridhaa ya waliomzika.

*

Mama yake Zamda aliitwa Bi Siwema, na alikuwa na mashine ya kukamua alizeti mtaa wa Misuna. Walimkuta amepiga goti kwenye vumbi la maganda, anafunga mkanda wa mashine uliokatika. Karibu naye lilikuwepo rundo la mashudu, na redio ndogo ya kidude ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

“Shikamoo, mama,” Penina alisema.

“Marahaba. Mmekuja kwa mafuta au kwa lile?”

Hango alieleza. Alieleza vizuri, kwa upole, akataja watu walioanza kuanguka: mwenye duka la vyuma pale stendi, mwanafunzi mmoja darasani. Bi Siwema alisikiliza huku anaendelea kuvuta mkanda. Hango alipomaliza, mama yule akamgeukia Penina.

“Wewe ndiye unayekata?”

“Ni mimi, mama.”

“Utamkata wapi?”

Penina alitamani daktari ajibu, lakini swali halikuwa la daktari. “Karibu na mwisho. Pale moyo unapohangaika ndipo mioyo mingine inapousikia.”

“Mwisho upi?”

“Kabla hajafariki.”

“Halafu?”

“Halafu kinarudi mwanzo. Kinazunguka.”

Bi Siwema aliacha mkanda. Alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele.

“Kwa hiyo mwanangu atakuwa anahangaika. Akikaribia, mnamrudisha. Akikaribia, mnamrudisha. Mchana, usiku. Na mimi kidude ninacho humu.” Alijigusa kifuani chini ya kanga. “Atakuwa anahangaikia humu.”

“Ni sauti tu, Bi Siwema,” Hango alisema. “Zamda mwenyewe ameshapumzika.”

“Wewe kwako ni sauti. Mimi siku ile nilikuwa nimemwekea mkono juu ya moyo, daktari. Toka asubuhi mpaka ulipoacha. Wewe uliingia ukatoka, ukaingia ukatoka. Sikulaumu, ulikuwa na wagonjwa. Lakini usiniambie ni nini.”

“Watu watakufa.”

“Na mimi ni mmoja wao, au umesahau?” Alisema bila hasira. “Arobaini yake haijafika. Mwacheni afe kwanza. Mwacheni tu afe kama watu wengine.”

Walirudi kwenye gari. Hango alishika usukani bila kuwasha.

“Atabadilika,” alisema.

Penina alijua kwamba hata yeye mwenyewe angekataa.

*

Siku zilizofuata alifanya kazi kama anayeziba paa la makuti kwa viganja. Alichukua vipande vyote vilivyochakaa na kuvikatakata vidogo zaidi. Aliweka mwanzo wa mwalimu mbele ya mwisho wa bibi, akageuza mapigo mengine kinyumenyume, akaongeza mwangwi kidogo, akauondoa. Alibadili kasi kidogo kidogo kila mara ili mzunguko usijirudie sawasawa. Kila ujanja ulifanya kazi kidogo, kisha mioyo ikaugundua. DJ mwenzake wa zamu ya pili alikuwa kitandani nyumbani kwake, kwani naye alikuwa na kidude. Penina alilala kwenye kiti.

Mume wake, Yona, alikuwa fundi wa mitambo ya upepo juu ya kilima nje ya mji. Kidude chake kilikuwa na miaka mitatu. Tangu mstari uanze kushuka, Penina alimkataza kupanda minara, na yeye akaona heri amletee mkewe chakula kituoni kuliko kukaa bure. Mchana ule alipanda ngazi na chupa ya chai na viazi vilivyofungwa kwenye kitambaa. Penina alimwona kupitia kioo cha studio. Alimwona akitabasamu, akisimama, akishika ukuta. Halafu akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyeamua kupumzika, na chupa ya chai ikabingirika peke yake mpaka chini.

Penina hakuweza kuinuka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitelezi na mwingine kwenye kitufe, na mstari ulikuwa umeporomoka mpaka katikati ya skrini. Angeinuka, wangeanguka wengi. Alimwita mlinzi kwa sauti ambayo baadaye hakuitambua kuwa yake. Mlinzi alimlaza Yona chali, akaanza kumbana kifua.

Ndipo Penina alipochomeka flashi.

Faili lilikuwa refu. Alikimbilia karibu na mwisho, akasikiliza. Moyo ulikuwepo, mwepesi, unakimbia na kusita kama mtu anayeshuka mteremko wa mawe. Nyuma yake kulikuwa na mvumo hafifu. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni sauti ya mwanamke anayeongea, iliyopita katika mwili wa binti mpaka kwenye kinasa. Maneno hayakusikika. Kila mvumo ulipoanza, moyo ulipanda. Ulipokoma, moyo ulilegea.

Hapo ndipo palipokuwa na uhai kuliko mahali pengine pote.

Aliweka alama ya kuanzia pale mvumo unapoanza. Aliweka alama ya kuishia pale moyo ulipokuwa juu, kabla ya kulegea. Akabana sauti za juu mpaka mvumo ukapotea, ukabaki moyo peke yake. Akakuza mawimbi, akatafuta mstari wa katikati, akakata. Akaweka kipande kwenye kisanduku kitupu na kupandisha kitelezi.

Mstari ulipanda wote kwa mkupuo mmoja.

Nje ya kioo, Yona alikunja goti moja. Mlinzi alirudi nyuma, akakaa sakafuni, akafunika uso.

*

Bi Siwema alifika kabla ya jua kuzama, akiwa na kanga yake ya kazini iliyojaa mafuta. Hakupiga kelele. Mlinzi alimzuia mlangoni. Penina akamwambia amwache aingie.

“Nilikuwa nachuja mafuta,” Bi Siwema alisema. “Akaingia. Nikamwaga debe zima.”

Penina alisimama. Kipande kilikuwa kinazunguka chenyewe sasa, kwa mara ya kwanza hakikuhitaji mikono yake. “Mume wangu alianguka, mama.”

“Nimemwona hapo nje. Anakunywa chai.”

“Sikuwa na haki.”

“Hukuwa nayo.” Bi Siwema alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya skrini. Alitazama mawimbi yakipita. “Ndio huyu?”

“Ndiye.”

“Mbona pale anapanda?”

Penina angeweza kusema hajui. Alitazama mikono ya mwanamke yule, iliyokuwa imekunjwa mapajani kama ya mtu anayesubiri daktari, akashindwa. “Pale ulikuwa unamsemesha. Kila ukimsemesha, moyo wake ulipanda. Sauti yako nimeiondoa, lakini moyo umebaki.”

Bi Siwema aligusa skrini kwa kidole, pale mawimbi yalipopanda.

“Nilikuwa namwambia habari za mashine,” alisema. “Kwamba mkanda umekatika tena, na yule fundi ametaka tununue mpya. Nilikosa la kumwambia. Nilidhani hanisikii.”

“Alikusikia.”

“Nataka nimsikie mpaka mwisho. Si humu.” Alijigusa kifua. “Huko nje, kwenye spika.”

Penina alifunga mlango. Alifungua faili zima kwenye dirisha la pili, akalielekeza kwenye spika ya studio peke yake, mbali na mtambo wa kurusha. Walisikiliza wote wawili. Mvumo ulikuja na kuondoka, na moyo ukaufuata. Kisha mvumo uliendelea bila kukoma, kama mtu anayesema maneno yale yale haraka haraka, na moyo haukupanda tena. Ulipiga mara moja moja. Ukaacha. Mvumo uliendelea peke yake kidogo, kisha nao ukanyamaza, na kilichobaki kilikuwa sauti ya viatu vya mtu anayeingia wodini.

Bi Siwema alifuta uso kwa ncha ya kanga.

“Hawa watu wa mjini, sitakuambia uwazime,” alisema. “Nimepita sokoni nikija. Nimewaona wanavyotembea. Siwezi. Lakini mimi unitoe.”

“Nikutoe vipi?”

“Si una vipande vingine? Vile vya zamani. Nichezee hivyo.”

“Vimechakaa, mama. Havitakushika.”

“Wewe si fundi? Vishone. Nitakaa hapa hapa kama ni lazima. Sitaki kufa, mwanangu, usinielewe vibaya. Nina mashine pale imejaa mbegu za watu. Ila sitaki kuamka kila siku nikitembezwa na mtoto niliyemzika, anayehangaika kwa sababu mimi nilikuwa namsimulia habari ya mkanda.” Alimtazama Penina usoni. “Na usinidanganye. Usije ukamtia kwa siri.”

“Sitamtia.”

“Hata nikizimia?”

Penina alitazama kisanduku alimokuwa Zamda, kisha akamgeukia mama yule.

“Hata ukizimia.”

*

Alimtengenezea chaneli yake. Waya mmoja ulitoka kwenye kompyuta ya pili mpaka kwenye redio ndogo ya Bi Siwema, bila kupita hewani, ili mdundo umfikie safi. Mji ulibaki upande wa kushoto wa meza, ukienda wenyewe kwa moyo wa Zamda. Upande wa kulia alikuwepo msikilizaji mmoja.

Penina alikuwa hajawahi kufanya kazi namna hiyo. Kwa umati unakosea kidogo, na umati unakusamehe. Kwa mtu mmoja aliyekaa umbali wa mkono, kila kosa lilionekana papo hapo kwenye midomo yake. Alimsoma. Alijifunza kwamba mapigo ya mwalimu yalimfaa asubuhi, na ya bibi wa Kiomboi alipokuwa amekula. Alikata, akaunga, akanyoosha, akatupa, akaanza upya. Bi Siwema alimsimulia bei za mbegu na ugomvi wake na fundi wa mashine, na Penina akagundua kwamba akimwacha aongee, moyo ulishika vizuri zaidi. Basi akamwuliza maswali bila kuacha.

Yona alikuja na uji. Aliambiwa ukweli siku ile ile alipopata nguvu za kusimama, na tangu hapo alikuwa akija kimya. Alimpa Bi Siwema kikombe kwa mikono miwili, akasimama mbele yake.

“Mama, ninatembea na mtoto wako kifuani,” alisema. “Sijui niseme nini.”

“Tembea vizuri,” Bi Siwema alisema. “Usipande minara mpaka upone.”

Simu ikaja kutoka Morogoro. Malori yalikuwa yamepakiwa. Hango mwenyewe ndiye aliyeleta habari hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Zamda Penina alimwona akicheka. Bi Siwema aliuliza yatafika lini, akajibiwa kwamba barabara ya Gairo imeharibika kwa mvua na yanazungushwa. “Basi nitayasubiri,” alisema.

Lakini midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Mstari wake, mstari mwembamba wa mtu mmoja, ulipanda kwa kila ujanja mpya na kushuka kabla Penina hajaushangilia. Vipande vilikuwa vinaisha. Alivikata mpaka vikawa vidogo kuliko pigo moja la moyo, akavipanga kama shanga, na moyo wa mama yule ukavitambua hata hivyo.

Hango alimvuta Penina pembeni wakati Bi Siwema amesinzia kitini.

“Mtie Zamda,” alinong'ona. “Mchanganye na wengine. Mkate usiku mmoja—wewe unaweza—mpunguze kasi, mgeuze, mfiche chini ya bibi. Hatamjua.”

“Niliahidi.”

“Uliahidi ukiwa hujamwona hivi. Malori yako njiani, Penina. Yakifika, atakushukuru.”

“Hatanishukuru.”

“Basi akuchukie akiwa hai. Mume wako ulipomwokoa ulimuomba nani ruhusa?”

Penina alirudi mezani, na kwa kuwa hakuweza kukaa bila kufanya lolote, alifanya kile alichoambiwa. Alichukua kipande cha Zamda, akakipasua katikati ya mapigo, akabadili mpangilio, akakinyoosha mpaka kule kusita kama kwa anayeshuka mteremko kukapotea, akaweka mapigo ya bibi juu yake kama blanketi. Akasikiliza. Hakuna mtu duniani angemtambua binti yule humo ndani. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Aliiweka kwenye kisanduku cha mwisho cha upande wa kulia, na programu ikakipaka rangi ya machungwa kuonyesha kwamba kiko tayari.

Bi Siwema aliamka akiwa anatweta.

“Bi Siwema,” Penina alisema. Alipiga magoti ili awe usawa wa macho yake, mkono mmoja bado mezani. “Nimetengeneza kipande kingine. Zamda yumo. Nimemficha usimjue. Kipo hapa, sijakicheza. Kinaweza kukushika mpaka malori yafike. Nakuomba. Sema ndiyo.”

Mama yule alitazama kile kisanduku cha rangi ya machungwa. Penina alimwona akifikiri. Alimwona akitamani.

“Kizuri?” aliuliza.

“Kizuri sana.”

“Umemkata mara ngapi?”

Penina alianza kuhesabu kwenye skrini, akaacha.

“Niwekee yule mwalimu,” Bi Siwema alisema. “Nilikuwa nampenda mwalimu.”

Alimwekea mwalimu. Alimwekea mwalimu mzima, bila kumkata, tangu mwanzo wa rekodi yake ya kwanza kabisa. Mstari ulipanda kidogo, ukakaa, na Bi Siwema akaegemeza kichwa ukutani. Nje kulikuwa na jua la asubuhi na upepo ulikuwa unapiga mabati. Alianza kumwambia Penina kwamba mbegu zile zisiachwe ndani ya mashine, kwani zitaota ukungu, na mwenye gunia la kwanza ni mwanamke mmoja wa Mtinko ambaye... Hakumaliza. Kidevu kikashuka.

Mstari ulianza kuanguka.

“Sasa,” Hango alisema. “Sasa, Penina.”

Alileta bibi wa Kiomboi. Alileta wote wawili pamoja. Aliacha vipande na kupiga kitufe kwa kidole chake mwenyewe, pigo kwa pigo, akijaribu kusita pale mtu angesita, kukimbia pale mtu angekimbia. Mstari uliitika mara moja. Ukaitika tena, kwa unyonge. Hango alikuwa amepiga magoti, anambana mama yule kifua, jasho linamdondoka, akisema, “Bonyeza, bonyeza, hajui kitu sasa, bonyeza,” na alipoona Penina habonyezi, akanyoosha mkono mwenyewe kuelekea kitufe cha kisanduku kile.

Penina alifunika kitufe hicho kwa kiganja chake. Daktari alikuwa na nguvu kuliko yeye. Alivuta vidole vyake kimoja baada ya kingine, na yeye akavirudisha. Walishindana hivyo juu ya meza, watu wazima wawili, wote wanalia, mpaka mkono wa daktari ukalegea.

Aliendelea kupiga kitufe cha mdundo kwa mkono wa pili, muda mrefu baada ya mstari kulala chini.

Upande wa kushoto wa meza, mji mzima ulikuwa unatembea, unafungua maduka, unachota maji. Mtu hakutakiwa kuondoka pale hata kwa dakika, na zamu ilikuwa yake. Alimwomba Hango amfumbe macho Bi Siwema, amwondolee redio shingoni, amfunike kwa kanga yake mwenyewe. Hango alifanya yote hayo bila kumtazama Penina.

Penina alichagua kile kisanduku cha rangi ya machungwa, akakifuta. Kisha akashika kitelezi cha kulia, ambacho kilikuwa bado juu, mwalimu bado anacheza kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Alikishusha polepole sana, kama afanyavyo DJ anayemaliza sherehe ya watu wazima, mpaka kikagusa chini.